Ndugu Amekamatwa na Dawa za Kulevya Marekani: Mwongozo Kamili kwa Familia, Kuanzia Usiku wa Kwanza hadi Siku ya Kutoka

Kijana ananunua kalamu ya mvuke yenye mafuta ya bangi katika duka lenye leseni mjini Denver, anapewa risiti kama mtu aliyenunua sabuni, kisha anawasha lori lake kuelekea Amarillo. Kabla jua halijazama ameshaingia Texas, na kitu kilekile kilichomo mfukoni mwake, ambacho asubuhi kilikuwa bidhaa, jioni ni kosa kubwa la jinai lenye kifungo cha siku 180 hadi miaka 2, hata kama mafuta yenyewe hayafiki gramu 1. Akiwa raia wa Marekani, habari yake itaishia katika mahakama ya kaunti. Akiwa alikuja kama mkimbizi kutoka Kivu kupitia kambi ya Nyarugusu, au ana kadi ya ukaazi aliyoipata kwa bahati nasibu ya viza, kesi hiyo ina ghorofa ya pili, ya uhamiaji, ambayo jaji wa kaunti huenda asiitaje kabisa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia za Waswahili zinazoishi Marekani, ambazo mara nyingi hukutana na sheria za dawa za kulevya kwa mara ya kwanza usiku wa manane, kwa simu inayotoka jela. Kwa miaka kadhaa nimekaa katika mahakama za namna hiyo nikiwa mkalimani, na ninachokiona zaidi si familia zisizojali, bali familia zinazofanya mambo mema kwa mpangilio mbaya. Wanampigia polisi kabla ya daktari, na mtoto anakiri kosa kabla mtu yeyote hajauliza kukiri huko kutamfikisha wapi. Kwa hiyo hatua zilizoelezwa hapa zimepangwa kwa kufuata wakati. Hazichukui nafasi ya wakili. Kazi ya mwongozo huu ni kukuwezesha kumuuliza wakili maswali yanayofaa mapema.

Hatua ya kwanza: jua ni sheria ya nani

Marekani ina sheria mbili za dawa za kulevya zinazotembea sambamba. Ya kwanza ni ya shirikisho, iliyotungwa mwaka 1970, ambayo inazipanga dawa katika madaraja matano kuanzia zile zinazohesabiwa kuwa za hatari zaidi. Ya pili ni ya jimbo, na kila jimbo kati ya majimbo 50 lina yake. Mtu anayekamatwa barabarani au nyumbani akiwa na kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe, kwa kawaida hushtakiwa katika mahakama ya jimbo, kwa sheria ya jimbo, na mwendesha mashtaka wa kaunti. Ndiyo maana ushauri wa binamu aliyepitia kesi kama hiyo Arizona hauna kazi kwa mtu aliyekamatwa Ohio.

Sheria hizi pia hazikai mahali pamoja. Wapiga kura wa Oregon waliamua Novemba 2020 kwamba kupatikana na kiasi kidogo cha dawa yoyote kusiwe jinai bali kosa la faini ya dola 100, na utaratibu huo ukaanza Februari 2021; lakini bunge la jimbo likageuza shingo, na tangu tarehe 1 Septemba 2024 kosa hilo limerudi kuwa la jinai. Katika jimbo la Washington, mahakama ya juu ya jimbo iliifuta sheria ya kupatikana na dawa mwezi Februari 2021, na mwaka 2023 bunge likaandika nyingine. California ilipunguza uzito wa kosa hilo kwa kura ya mwaka 2014, kisha Novemba 2024 wapiga kura wakaongeza ukali kwa wale waliokwisha kutiwa hatiani mara mbili au zaidi. Ukisoma maelezo ya sheria, tazama kwanza yaliandikwa lini.

Kuhusu bangi, Colorado na Washington zilifungua mlango kwa kura za mwaka 2012, na kufikia mwisho wa 2023 majimbo 24 yalikuwa yameiruhusu kwa watu wazima, Minnesota na Ohio yakiwemo. Ruhusa hiyo ni ya jimbo tu. Kwa shirikisho bangi ingali dawa iliyodhibitiwa, na dereva wa lori mwenye leseni ya biashara hupimwa kwa kanuni za shirikisho: tangu Novemba 2024, dereva aliyepatikana na bangi mwilini na asiyekamilisha utaratibu wa kurejea kazini hunyang'anywa daraja la leseni yake na jimbo lenyewe, hata kama aliivuta nyumbani kwake, siku ya mapumziko, mahali inaporuhusiwa.

Miraa nayo ina hadithi yake. Mtu wa Meru au Eastleigh huiona kama zao la shamba lililofungwa kwa jani la mgomba, ilhali Mtanzania anajua kwamba kwao mirungi ni marufuku. Marekani imesimama upande wa Tanzania. Kemikali iliyomo katika majani mabichi, kathinoni, ipo katika daraja la kwanza la sheria ya shirikisho, pamoja na heroini. Shangazi anayetuma fungu kwa posta kama zawadi ya harusi anamtumia mpwa wake kesi ya jinai.

Hatua ya pili: kabla polisi hawajaingia

Mtu akizidiwa na dawa, akawa haamki, midomo imebadilika rangi na anapumua kwa shida au anakoroma isivyo kawaida, piga 911 papo hapo. Familia nyingi husita kwa kuhofia polisi, na kusita huko ndiko kunakoua. New Mexico ilikuwa jimbo la kwanza, mwaka 2007, kutunga sheria ya kumkinga anayepiga simu kuomba msaada wa mtu aliyezidiwa, na karibu majimbo yote yamefuata. Kinga hiyo kwa kawaida inamhusu anayepiga simu na mgonjwa mwenyewe, na inahusu kosa la kupatikana na kiasi kidogo; haimlindi muuzaji, na mara nyingi haimlindi mtu ambaye tayari ana hati ya kukamatwa. Mipaka yake hutofautiana kwa kila jimbo, lakini hakuna jimbo ambako kumwacha afe ni usalama zaidi kisheria. Kwa kweli mtu aliyegawana dawa na mwenzake, mwenzake akafa, majimbo kadhaa humshtaki kwa kosa la kuua.

Wakati gari la wagonjwa liko njiani, mpulizie naloksoni puani. Dawa hii huziondoa heroini na fentanili mahali zilipojishika katika ubongo na kumrudishia mtu pumzi. Tangu 2023 dawa ya kupulizia inauzwa bila cheti cha daktari, na haimdhuru mtu ambaye kumbe hakuwa ametumia dawa za jamii hiyo. Mlaze kwa ubavu, na asipoamka baada ya dakika mbili au tatu, pulizia nyingine.

Jambo la pili katika hatua hii ni gumu zaidi kulisema, kwa sababu linagusa namna tulivyolelewa. Baba anayeona mwanawe anauza viatu vyake ili anunue unga, yaani heroini, hufikiri: ngoja nimwite polisi amtie adabu siku mbili, atajirudi. Kwetu askari wa kituo cha karibu anaweza kumfokea kijana na kumrudisha nyumbani. Marekani faili likishafunguliwa, baba hana tena uwezo wa kulifunga. Mwenye kesi ni jimbo, na yeye aliyepiga simu huenda akaitwa kuwa shahidi dhidi ya mwanawe.

Kuwa na uraibu peke yake si kosa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1962, katika kesi ya Robinson dhidi ya California. Kwa hiyo majimbo mengi yana mlango wa kiraia wa kumlazimisha mtu kupata matibabu bila kumshtaki. Florida ina sheria iitwayo Marchman Act, ya mwaka 1993. Kentucky ina Casey's Law, ya mwaka 2004. Massachusetts ina utaratibu uitwao Section 35, yaani kifungu cha 35. Mzazi, mwenzi au ndugu hupeleka ombi mahakamani, mtaalamu wa afya humpima mhusika, na jaji akiridhika kwamba ni hatari kwake au kwa wengine huamuru matibabu. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini. La kwanza ni nani anayelipa, kwa sababu Kentucky humtaka mwombaji adhamini gharama. La pili ni wapi atapelekwa, kwa sababu Massachusetts imekuwa ikiwapeleka baadhi ya wanaume katika kituo kinachoendeshwa na idara ya magereza, na mama aliyedhani ameomba hospitali hushtuka kuona nondo.

Hatua ya tatu: usiku wa kukamatwa

Aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza na haki ya kuwa na wakili, haki ambazo polisi hulazimika kumsomea kabla ya kumhoji akiwa kizuizini tangu uamuzi wa kesi ya Miranda wa mwaka 1966. Lakini kunyamaza kimya tu hakutoshi. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2010 kwamba mtu anayetaka kuitumia haki hiyo sharti aitamke. Aseme kwamba hatazungumza na kwamba anataka wakili, kisha afunge mdomo. Asikubali kupekuliwa kwa hiari, na wakimpekua bila ridhaa asishindane nao. Asiulizwe kuhusu alikozaliwa akatunga uongo: anaweza kukataa kujibu, lakini akijidai raia wa Marekani ilhali si raia, uongo huo unaweza kumfungia milango ya uhamiaji maisha yake yote.

Mkalimani lazima awepo, na mahakama ndiyo inayomlipa. Hata mtu anayeelewa Kiingereza cha kazini amwombe, kwa sababu Kiingereza cha ghala la mizigo si cha mahakamani. Mwambie pia aseme anatoka wapi. Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi si cha Mombasa, na nimewahi kuona Mkongomani akiitikia kwa heshima kila sentensi ya mkalimani ambaye hakuwa akimwelewa.

Halafu kuna neno lenyewe. "Natumia dawa," anasema kijana, akimaanisha vidonge vya shinikizo la damu. Mkalimani asiye makini anamwambia askari kwamba kijana anatumia dawa za kulevya, na tayari kumbukumbu ya mahojiano ina ungamo. Kinyume chake hutokea pia. Mfundishe mtu wako aseme "dawa ya hospitali", "dawa niliyoandikiwa na daktari", ataje na ugonjwa, na asiachie neno "dawa" lisimame peke yake mbele ya askari, daktari wa jela au jaji.

Nanyi mlio nyumbani, mkipigiwa simu kutoka jela, msiulize nini kilitokea. Simu za jela hurekodiwa, na kuongea Kiswahili si pazia. Rekodi hutafsiriwa kesi inapohitaji. Mwulizeni kama ameumia, kama ana dawa za hospitali anazozihitaji, na yuko kituo gani. Yaliyobaki yasubiri wakili.

Hatua ya nne: mbele ya jaji kwa mara ya kwanza

Mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa, kwa kawaida jaji anapaswa kuangalia ndani ya saa 48 kama kulikuwa na sababu ya msingi ya kumkamata. Asiye na uwezo wa kulipa hupewa wakili wa umma, haki inayotokana na kesi ya Gideon ya mwaka 1963. Wapo wanaomdharau wakili huyo kwa kuwa ni wa bure. Ni dharau isiyo na msingi: wakili wa umma huwajua waendesha mashtaka na majaji wa kaunti yake kuliko wakili wa bei kutoka mji mwingine. Anachokosa ni muda, na hapo ndipo familia inapoweza kumsaidia kwa kumpelekea, kwa maandishi na katika ukurasa mmoja, mambo asiyoyajua: hadhi ya uhamiaji ya mteja na tarehe aliyoingia nchini, kazi yake, watoto wake, matibabu aliyowahi kupata.

Jaji akiuliza kama anakiri kosa, jibu la siku hiyo ni kwamba hakiri. Nimeona watu wa dini, Waislamu kwa Wakristo, wakitetemeka hapa kwa kudhani wanaambiwa waseme uongo mbele ya kiapo. Kutokiri katika hatua hii si ushahidi wala kiapo. Ni kuitaka serikali ithibitishe madai yake, na ndiyo njia pekee ya kumpa wakili muda wa kusoma faili.

Kuhusu dhamana, majimbo mengi bado hutumia fedha, na wakala wa dhamana kwa kawaida hutoza asilimia 10 ya kiasi kilichowekwa, ambayo hairudi hata kesi ikifutwa. Illinois imeondoa dhamana ya fedha tangu Septemba 2023. Kwa asiye raia, msikimbilie kulipa kabla ya kujua kama maofisa wa uhamiaji wameiandikia jela wakiomba wamchukue. Ukoo unaweza kuchangishana, ukalipa dola elfu kadhaa, halafu mtu akatoka mlango mmoja na kuingizwa katika gari la uhamiaji mlango wa pili. Ulizeni jela, kisha mwulizeni wakili wa uhamiaji, ndipo mlipe.

Hatua ya tano: swali la uhamiaji, kabla ya kukiri chochote

Hapa ndipo ningeomba msomaji apunguze mwendo.

Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, na kuhusu dawa za kulevya ina ukali usiofanana na makosa mengine. Mtu asiye raia, hata akiwa na kadi ya ukaazi kwa miaka 30, anaweza kufukuzwa nchini kwa kutiwa hatiani mara moja tu kwa kosa lolote la dawa iliyodhibitiwa. Msamaha pekee uliomo katika kifungu hicho ni wa kosa moja la kupatikana na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi ya mwenyewe. Kuuza ni kubaya zaidi, kwa kuwa huhesabiwa katika kundi la makosa yanayofunga karibu kila njia ya kumwomba jaji wa uhamiaji huruma.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya José Padilla, mzaliwa wa Honduras, dereva wa lori aliyeishi Marekani kihalali kwa zaidi ya miaka 40 na aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky akiwa na shehena ya bangi. Wakili wake alimwambia asihofu habari za uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri, na kukiri huko ndiko kulikomweka katika hatari ya kufukuzwa. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kikatiba kumweleza mteja athari za uhamiaji za kukiri kosa. Kwa hiyo unapomuuliza wakili wa umma swali hilo, hauombi fadhila.

Ili ujue mizani ilivyo nyepesi, fikiria soksi. Mwaka 2010 Moones Mellouli, Mtunisia mwenye kadi ya ukaazi, alikamatwa Kansas kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na jela wakamkuta na vidonge vinne vya Adderall, dawa inayodhibitiwa ya kutibu tatizo la umakini, ndani ya soksi. Alikiri kosa dogo la kuwa na kifaa cha kuhifadhia dawa, na kifaa kilichokusudiwa ni hiyo soksi. Akafukuzwa nchini mwaka 2012. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema alifukuzwa kimakosa, kwa sababu orodha ya dawa za Kansas ilikuwa na vitu visivyokuwemo katika orodha ya shirikisho, na hati ya kosa lake haikutaja dawa gani. Kesi hiyo ina funzo la kazi: maneno yanayoandikwa katika hati ya makubaliano ya kukiri kosa, na hata maneno yasiyoandikwa, yanaweza kuamua kama mtu atabaki na wanawe. Wakili anayeijua sheria hii anaweza kujadiliana na mwendesha mashtaka ili jina la dawa lisiwekwe, au kosa liwe jingine kabisa.

Mtego mkubwa kuliko yote, hata hivyo, umo ndani ya huruma ya jimbo. Tangu 1996, kwa macho ya uhamiaji mtu ametiwa hatiani ikiwa alikiri kosa, au alikubali ukweli unaotosha kumtia hatiani, na jaji akaamuru adhabu au kizuizi cha namna yoyote juu ya uhuru wake. Haijalishi jimbo baadaye lilisema nini. Kwa hiyo ule mpango mzuri ambao mwendesha mashtaka anautoa kwa tabasamu, yaani kiri leo, hudhuria matibabu mwaka mmoja, kisha tutaifuta kesi kama haikuwahi kuwapo, kwa raia ni neema, na kwa asiye raia ni kutiwa hatiani kamili ambako hakuna cheti cha kuhitimu kinachoweza kukufuta. Msamaha wa gavana nao hauondoi sababu hii ya kufukuzwa.

California iliuona mtego huo na ikabadili utaratibu wake: tangu Januari 2018, mshtakiwa anayestahili kuchepushiwa kesi kwenda katika matibabu haambiwi tena akiri kwanza, hukana kosa, kesi husimama, na akimaliza hufutwa bila kukiri popote. Huo ndio mpangilio ambao wakili wako anapaswa kuuomba hata katika jimbo jingine, na waendesha mashtaka wengine huukubali wakielezwa sababu.

Mpe wakili maswali haya kwa maandishi, na uombe ajibu kwa maandishi. Je, mpango huu unamtaka akiri au akubali ukweli wowote? Je, kosa hili linataja dawa iliyomo katika orodha ya shirikisho? Je, umeshauriana na mtaalamu wa uhamiaji? Ofisi nyingi za mawakili wa umma zina mtaalamu huyo au zina namba ya kumpigia.

Yapo mambo mengine mafupi katika hatua hii. Mkimbizi ambaye bado hajabadilishiwa hadhi kuwa mkaazi wa kudumu anaweza kuomba msamaha maalumu wa shirikisho wakati wa kubadilisha hadhi, isipokuwa kama kuna sababu ya kuamini kwamba ni mfanyabiashara wa dawa za kulevya. Kwa hiyo tarehe ya kadi yake ni jambo la kumwambia wakili. Kijana aliye chini ya umri wa utu uzima, wakili apiganie kesi ibaki katika mahakama ya watoto, kwa sababu uamuzi wa huko kwa kawaida hauhesabiwi kuwa kutiwa hatiani kwa ajili ya uhamiaji. Na hata asiyekamatwa ajihadhari: kukiri tu mbele ya ofisa kwamba uliwahi kuvuta bangi, hata ulikoivuta inaporuhusiwa, kunaweza kukuzuia kupata uraia. Mamlaka ya uhamiaji ililiandika hilo waziwazi katika mwongozo wake wa Aprili 2019.

Hatua ya sita: matibabu badala ya jela

Mahakama ya kwanza ya dawa za kulevya ilianzishwa Miami mwaka 1989, na sasa zipo maelfu nchini kote. New York, ambayo kwa sheria za mwaka 1973 iliwahi kuwa mfano wa ukali, ilizirekebisha mwaka 2009 na kuwapa majaji uwezo wa kumpeleka mtu katika matibabu hata mwendesha mashtaka asipopenda.

Usidhani ni njia ya mkato. Mshiriki hufika mbele ya jaji yuleyule kila wiki au kila baada ya wiki mbili, hupimwa mkojo bila taarifa, huhudhuria ushauri nasaha, na utaratibu mzima huchukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine zaidi. Akiteleza anaweza kulala jela siku chache. Akishindwa kabisa, adhabu aliyoikimbia humrudia. Kwa mtu mwenye uraibu mzito anayekabiliwa na kifungo cha miaka, nafasi hii ni ya thamani. Kwa kijana aliyekamatwa mara moja na kosa dogo, ambaye angetozwa faini tu, miezi 18 chini ya jicho la mahakama huenda ikamzalishia makosa mapya kuliko yale aliyoingia nayo. Na kwa asiye raia, rudi hatua ya tano, kwa sababu mahakama nyingi za namna hii hudai kukiri kwanza.

Uliza kama mahakama hiyo inaruhusu methadoni na buprenofini, dawa za hospitali za kutibu uraibu wa heroini na jamii yake. Baadhi ya majaji wamekuwa wakizikataa wakisema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, hoja ambayo wazee wetu wengi pia huikubali. Si sahihi kitabibu, na kisheria imeanza kuanguka: mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani iliushtaki mfumo wa mahakama wa Pennsylvania kwa sababu hiyo, ikitumia sheria inayowalinda watu wenye ulemavu.

Hatua ya saba: akiwa ndani

Arosto ya jela, yaani maumivu ya kukatiwa dawa ambayo mwili umeizoea, si ya kupuuzwa. Mtu anayetapika na kuhara siku tatu bila maji anaweza kufa, na mlevi wa pombe anayekatiwa ghafla anaweza kupata degedege. Mwongozo wa Wizara ya Sheria wa Aprili 2022 unasema jela kumkatia dawa mtu aliyekuwa akitibiwa uraibu wa afyuni (heroini na jamii yake) kwa maelekezo ya daktari, kwa sera ya jumla tu, ni ubaguzi. Rhode Island imekuwa ikitoa dawa zote tatu, methadoni, buprenofini na naltreksoni, katika magereza yake tangu 2016.

Fanyeni hivi siku ileile ya kwanza: pigeni simu katika kitengo cha afya cha jela, tajeni kliniki anakotibiwa na kipimo cha mwisho alichopewa, kisha waombeni kliniki watume uthibitisho. Kliniki itasema haiwezi kuzungumza bila ridhaa ya mgonjwa, na ni kweli, kwa kuwa kumbukumbu za matibabu ya uraibu zina ulinzi mkali wa shirikisho. Basi mwombeni wakili apeleke fomu ya ridhaa jela isainiwe. Andikeni jina la kila aliyepokea simu na saa aliyopokea.

Hatua ya nane: kutoka

Rekodi inaweza kusubiri kidogo. Majimbo mengi huruhusu makosa ya dawa yafutwe au yafungiwe baada ya muda, na Pennsylvania ilianza mwaka 2018 kupitisha sheria inayofungia rekodi fulani bila hata mtu kuomba. Inasaidia kwa mwajiri na mwenye nyumba. Kwa uhamiaji haisaidii, na asiye raia asifute chochote kabla ya kuchukua nakala zilizothibitishwa za faili lote, kwa sababu siku moja ataulizwa, na kujibu kwamba faili halipo hakutamwokoa.

Kisichosubiri ni wiki mbili za mwanzo. Watafiti waliowafuatilia watu waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington walichapisha mwaka 2007 kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine wa umri wao, na kwa kuzidiwa na dawa pekee ilikuwa mara 129. Sababu yake ni ya mwili: miezi aliyokaa ndani imeufanya usahau kiwango ulichokizoea, naye akirudia kile cha zamani, kinakuwa kikubwa mno.

Kwa hiyo miadi ya kliniki iwekwe kabla ya tarehe ya kutoka, iwe ya siku ileile au kesho yake, na awepo mtu wa kumpeleka kwa gari. Karamu ya kumpokea ifanywe, lakini mtu mmoja alale chumba kimoja naye, na mlango wa bafu usifungwe kwa ndani. Naloksoni isiwekwe kabatini nyuma ya sukari ili wageni wasiione. Iwekwe juu ya meza ya sebuleni, na kila anayelala katika nyumba hiyo, bibi na mtoto wa miaka 12 wakiwemo, aishike mkononi mara moja na aonyeshwe inavyopulizwa.